Kijana Aliyetuonyesha Ufa

Ndugu msomaji, makala hii nimeichelewesha kwa miaka kadhaa. Kila nilipoketi kuiandika nilipata sababu ya kuandika jambo jingine: uchaguzi, bajeti, mikopo ya wanafunzi, mjadala wa katiba. Yote hayo yalikuwa na uzito wake, lakini nakiri kwamba yalinifaa pia kama maficho. Ni rahisi kwa mhadhiri kumkosoa waziri kuliko kuandika ukurasa ambao mkosaji wake ni yeye mwenyewe.

Jambo lenyewe lilianza alasiri moja ofisini kwangu, wiki chache baada ya wanafunzi kurejea kutoka mafunzo kwa vitendo na kuanza mwaka wa tatu. Mimi ni mtu wa sayansi ya siasa. Kijana aliyebisha hodi alikuwa akisoma utawala wa umma, lakini kompyuta alijifunza mwenyewe, usiku, kwa bando la kuungaunga. Aliniamkia, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu asiye na hakika kama amekaribishwa, kisha akaweka bahasha ya kaki juu ya meza yangu.

"Dokta," akaniuliza, "ukiletewa bahasha hii, utajuaje imetoka kwa nani?"

Niliigeuza. "Imeandikwa hapa."

"Na aliyeandika hapo ni nani?"

Nilicheka, nikidhani ananitegea kitendawili. Hakuwa na kitendawili. Alikuwa amegundua kasoro katika mfumo wa taasisi moja ya umma alikofanyia mafunzo yake, na alikuwa akitafuta namna ya kunieleza mimi nisiyejua chochote kuhusu mambo hayo.

Alinifafanulia hivi. Kila unapofungua tovuti, kivinjari chako hupeleka ombi kwa seva. Ombi hilo ni kama barua. Lina kiini chake, na lina maandishi ya juu yanayolitangulia: linakwenda tovuti gani, mtumaji anapenda kujibiwa kwa lugha gani, anatumia kivinjari cha aina gani, ametokea ukurasa upi, na ndani ya barua mna kitu cha namna gani. Maandishi hayo ya juu huitwa heda. Mtumiaji wa kawaida hayaoni kamwe, kwa kuwa kivinjari humwandikia kimya kimya kila anapobofya.

"Sasa, Dokta," alisema, "watengenezaji wengi wa mifumo wanadhani kwamba kwa kuwa mtumiaji hayaoni, basi hawezi kuyabadilisha. Lakini bahasha iko mkononi mwa mtumaji. Anaweza kuandika juu yake lolote."

Nilikuja kusoma habari hizi mwenyewe baadaye, na nikaona kwamba imani hiyo ina historia. Wavuti ilizaliwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichopo karibu na jiji la Geneva nchini Uswisi, ambako Tim Berners-Lee aliwasilisha pendekezo lake mwaka 1989. Ilikuwa jamii ya watafiti waliotaka kupeana nyaraka. Mtu akisema anatokea mahali fulani, hapakuwa na sababu kubwa ya kumtilia shaka. Kanuni za mawasiliano hayo, yaani HTTP, toleo la 1.0, zilichapishwa katika waraka wa Mei 1996 unaojulikana kama RFC 1945. Humo imo heda inayoeleza msomaji ametokea ukurasa gani, nayo inaitwa Referer. Kwa Kiingereza sahihi neno hilo lingepaswa kuwa na herufi r moja zaidi. Lilikosewa tahajia mapema, programu zikajengwa juu ya kosa hilo, na hadi leo vivinjari vya dunia nzima huliandika hivyo hivyo. Kosa likishajengewa nyumba juu yake, halirekebishwi tena, linakuwa desturi.

Imani nayo ilikuwa desturi kwa njia hiyo hiyo. Wavuti iliondoka mikononi mwa watafiti ikaingia benki, hospitali, mahakama na ofisi za kodi, lakini tabia ya kuamini maandishi ya juu ya bahasha ilibaki katika programu nyingi.

Kasoro aliyoiona kijana yule ilihusu heda iitwayo Host. Seva moja inaweza kubeba tovuti nyingi, kama jengo lenye ofisi nyingi zinazotumia sanduku moja la barua. Heda ya Host ndiyo inayosema barua ni ya ofisi ipi. Katika toleo la 1.1 la HTTP heda hiyo ni ya lazima. Kufikia hapo hapana ubaya. Ubaya huanza pale mfumo wenyewe unapomuuliza mgeni: "Samahani, hivi mimi naitwa nani?"

Na ndivyo mfumo ule ulivyofanya. Mtumishi akisahau neno lake la siri, huomba kuletewa kiungo cha kuweka jingine. Mfumo hutunga barua pepe yenye kiungo hicho, na ndani ya kiungo huweka namba ndefu ya siri inayotumika mara moja tu. Ili kukamilisha kiungo, mfumo unahitaji kuandika anwani ya tovuti yake. Badala ya kuisoma anwani hiyo katika mipangilio yake wenyewe, uliichukua kutoka heda ya Host, yaani kutoka kwenye bahasha iliyoletwa na mwombaji.

Fikiria maana yake. Mtu mwenye nia mbaya anaomba neno la siri libadilishwe kwa niaba ya mhasibu wa taasisi. Katika heda ya Host anaandika anwani ya tovuti yake yeye. Mfumo unatunga barua pepe, unaituma kwa mhasibu halisi, kutoka anwani halisi ya taasisi, ikiwa na nembo na salamu zote za kawaida. Kitu kimoja tu ndani yake ni cha uongo: kiungo kinaelekea kwa mwizi. Mhasibu akibofya, namba ya siri inamfikia mwizi, na mwizi anakwenda kuitumia kwenye tovuti ya kweli. Mhasibu huyo hakudanganywa na tapeli wa mtaani. Alidanganywa na ofisi yake mwenyewe, kwa maandishi ya ofisi yake mwenyewe.

Kijana hakuwa amegundua jambo jipya duniani. James Kettle, mtafiti wa usalama wa mifumo, aliandika kwa kina kuhusu mashambulizi ya namna hii mwaka 2013. Mwaka huo huo Django, mojawapo ya programu zinazotumika sana kujengea tovuti, ilianza kumtaka mwenye tovuti aorodheshe majina anayoyatambua na kukataa mengine. Dawa ilikuwa inajulikana. Haikuwa imefika tu pale ilipohitajika.

"Ulijaribu kwa akaunti ya nani?" nilimuuliza.

"Yangu mwenyewe, Dokta. Ile waliyonipa mafunzoni. Sikuingia kwa mtu."

Nilimwamini. Nikampa ushauri ambao wakati ule niliuona kuwa wa busara: aandike barua rasmi kwa mkuu wa taasisi, aeleze alichokiona na namna ya kukirekebisha, aweke jina na sahihi yake, na nakala aniletee mimi kama msimamizi wake. Nilimwambia kwamba utawala bora ni mawasiliano yanayofuata utaratibu. Aliandika barua ya kurasa mbili, safi, isiyo na majigambo. Niliisoma mara mbili, nikamsahihishia sentensi moja, na nikamwambia aipeleke.

Baada ya wiki mbili barua ilikuja chuoni, lakini haikuwa ya shukrani. Taasisi ililalamika kwamba mwanafunzi wetu "amejaribu kudukua mfumo wa serikali" na ikataka hatua kali zichukuliwe. Kamati ya nidhamu iliitishwa. Kijana alifika akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akiwa na nakala za barua yake kwa kila mjumbe. Alieleza habari ya bahasha kama alivyonieleza mimi. Wajumbe walimsikiliza kwa uso wa watu wanaosubiri amalize.

Ndipo mwenyekiti akanigeukia. "Dokta, wewe ulikuwa na taarifa?"

Ndugu msomaji, wakati huo maombi yangu ya kupanda kuwa mhadhiri mwandamizi yalikuwa mezani, na wawili kati ya wajumbe wale walikuwa na neno katika jambo hilo. Nilijibu hivi: "Nilipokea nakala, mwenyekiti, lakini sikuipitia kwa undani."

Kijana alinitazama mara moja, kisha akatazama meza. Hakunipinga. Alikuwa na barua yenye mwandiko wangu wa kalamu nyekundu juu ya ile sentensi niliyoisahihisha, na angeweza kuitoa. Hakuitoa.

Mafunzo yake yalifutwa, akapewa barua ya onyo kali, na akatakiwa kuyarudia likizo iliyofuata. Alihitimu mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Gharama za mwaka ule wa ziada zilibebwa na mama yake, mwenye genge la mboga. Mimi nilipanda daraja.

Miezi michache baada ya kikao kile nilipata ujumbe wake kwenye simu. Alikuwa ameambiwa na mtu aliyefanya naye kazi kule mafunzoni. "Shikamoo Dokta. Wameziba. Sasa jina la tovuti wameliweka kwenye mipangilio, hawamuulizi tena mgeni." Taasisi ilifuata ushauri wa barua ile ile iliyokuwa ushahidi dhidi yake. Hakuna aliyemwandikia kumshukuru, nami sikumjibu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kisa hiki ufa uliachwa mpaka akaadhibiwa aliyeuonyesha. Ili nisionekane nakuza jambo dogo, nitaeleza yaliyotokea mahali ambapo ufa wa aina hii haukuzibwa.

Equifax ni kampuni ya Marekani yenye makao makuu Atlanta. Kazi yake ni kukusanya taarifa za mikopo na madeni ya watu, na kuziuzia benki na wengine wanaotaka kujua kama mtu anakopesheka. Wengi wa watu hao hawakuwahi kuomba wawekwe humo. Mwaka 2017 taarifa za Wamarekani wapatao milioni 147 ziliibwa kutoka kampuni hiyo: majina, tarehe za kuzaliwa, anwani, na namba za hifadhi ya jamii ambazo kwa Mmarekani ni ufunguo wa karibu kila kitu. Mlango walioingilia wezi ulikuwa heda.

Heda hiyo inaitwa Content-Type, na kazi yake ni kusema ndani ya barua mna kitu gani: maandishi, picha, au faili. Programu iitwayo Apache Struts, iliyokuwa ikitumika katika ukurasa ambao wananchi walipelekea malalamiko yao, ilikuwa na kasoro ya ajabu. Ilipoletewa heda ya Content-Type isiyoeleweka, ilitunga ujumbe wa kosa, na ndani ya ujumbe huo ikaweka maneno ya mgeni, kisha ikayachakata kana kwamba ni amri. Mfano wake ni karani anayepokea barua asiyoielewa. Anataka kumwambia bosi wake, "Barua hii haieleweki, imeandikwa hivi na hivi," na katika kuisoma kwa sauti anajikuta anatekeleza yaliyoandikwa. Kasoro ilikaa hasa mahali ambapo mfumo ulikuwa ukisema haujaelewa.

Marekebisho yalitolewa tarehe 7 Machi 2017. Siku iliyofuata idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama wa kompyuta ilitoa tahadhari. Tarehe 9 Machi tahadhari hiyo ilisambazwa ndani ya Equifax kwa barua pepe, na utaratibu wa kampuni ulitaka marekebisho ya namna hiyo yafanywe ndani ya saa 48. Hayakufanywa katika ukurasa ule. Tarehe 15 Machi walipekua mifumo yao kutafuta programu yenye kasoro, na upekuzi haukuiona. Tarehe 13 Mei wezi waliingia. Walikaa humo kwa siku 76, wakipeleka maswali yapatayo 9,000 kwenye kanzidata za kampuni. Kifaa cha kukagua mawasiliano kilikuwepo, lakini cheti chake cha kidijitali kilikuwa kimekwisha muda, kwa hiyo hakikuona kilichopita ndani ya mawasiliano yaliyofichwa kwa siri. Cheti kilipohuishwa tarehe 29 Julai, wizi ulionekana siku hiyo hiyo. Wananchi waliambiwa tarehe 7 Septemba.

Mkurugenzi mkuu, Richard Smith, aliondoka katika wadhifa wake mwezi huo huo. Alipofika mbele ya Bunge la Marekani mwezi Oktoba, alieleza kwamba kulikuwa na hitilafu ya upekuzi, na kosa la mtu mmoja ambaye hakufikisha taarifa kwa waliohusika. Mtu mmoja! Kampuni yenye taarifa za karibu nusu ya taifa kubwa ilikuwa imening'inia juu ya barua pepe ya mtu mmoja. Kamati ya Baraza la Wawakilishi, katika ripoti yake ya Desemba 2018, haikuridhika na maelezo hayo. Ilisema janga lile lingeweza kuzuilika kabisa, na ikaonyesha kwamba chanzo chake kilikuwa muundo wa uongozi usio na uwajibikaji ulio wazi na mifumo ya zamani iliyoachwa bila matunzo.

Kesi hiyo huwa naitumia darasani ninapofundisha uwajibikaji. Huwaambia wanafunzi watazame nani anatajwa janga linapotokea. Kwa kawaida anatajwa aliye chini kabisa: fundi, karani, mlinzi, mwanafunzi. Waliopanga bajeti isiyo na fungu la matengenezo hawatajwi. Waliopokea tahadhari na kuiweka kwenye jalada hawatajwi. Lakini kila ninapofika hapo katika mhadhara hukumbuka kikao kile na kalamu yangu nyekundu, nami huharakisha kwenda mada inayofuata.

Kasoro za heda hazikuisha na Equifax. Desemba 2021 dunia iligundua tatizo katika Log4j, programu ndogo inayotumiwa na mifumo isiyohesabika kuandika kumbukumbu za yanayotokea. Nani asiyelijua daftari la wageni katika ofisi zetu? Unafika getini, unaandika jina, utokako, unayekwenda kumwona na sababu. Watu huandika watakalo, na mlinzi huwa hasomi. Log4j lilikuwa daftari lililosoma, na likitii. Mshambuliaji aliandika amri katika heda inayotaja aina ya kivinjari, mfumo ukaiandika daftarini kama kumbukumbu ya kawaida, na katika kuiandika ukaitekeleza. Mabenki, serikali na kampuni kubwa kabisa za teknolojia zilikesha zikitafuta ni wapi daftari hilo lilikuwa likitumika.

Zipo nyingine zisizo na jina kubwa. Ipo heda inayodai kueleza ombi lilitokea kompyuta gani kabla ya kupita seva za kati. Mfumo unaofungua ukurasa wa wasimamizi kwa sababu tu heda hiyo imesema "natokea ndani" ni sawa na lango linalofunguliwa kwa kila anayetamka kwa ujasiri kwamba ametumwa na mkubwa. Nasi tunaoishi katika nchi hizi tunalijua lango hilo vizuri.

Hapa ndipo ninapoona siasa ndani ya jambo hili la kiufundi. Mfumo wenye kasoro ya heda na ofisi yenye utawala mbovu vinaugua ugonjwa mmoja: havipimi kinacholetwa, vinapima kinavyojitambulisha. Maneno yenye nembo sahihi hupita hata yakiwa ya mwizi. Maneno ya kijana mwenye shati jeupe asiye na cheo hayapiti hata yakiwa ya kweli. Wajumbe wa kamati yetu hawakuuliza kama alichokisema ni kweli. Waliuliza yeye ni nani hata akaseme.

Na sheria haikumpa mahali pa kusimama. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamkataza mtu kuingia kwa makusudi na kinyume cha sheria katika mfumo wa kompyuta. Ni katazo la haki. Hakuna nchi inayoweza kuishi bila katazo hilo. Lakini uzito wote uko katika maneno "kinyume cha sheria", na anayeyatafsiri wa kwanza huwa ni ofisi iliyokasirika. Aliyejaribu kitasa cha mlango wake mwenyewe, akaona kimelegea, akaja kusema, anajikuta akiandikiwa kwa lugha ile ile anayoandikiwa aliyekuja kuiba.

Wengine wamejaribu njia tofauti. Uholanzi, kupitia kituo chake cha taifa cha usalama wa mtandao, ilitoa mwongozo mwaka 2013 wa namna mtu anavyoweza kuripoti kasoro kwa uaminifu na namna taasisi inavyopaswa kumpokea. Serikali hiyo inajulikana kwa kumpa zawadi ya fulana anayewaonyesha kasoro katika mifumo yake, fulana yenye maandishi ya utani yanayosema kwamba aliyeivaa ameidukua serikali ya Uholanzi. Marekani, Septemba 2020, iliziagiza taasisi za kiraia za serikali kuu kuchapisha sera zinazoeleza namna ya kupokea taarifa za kasoro, zikiahidi kutomshtaki anayefuata masharti kwa nia njema. Fulana haina gharama kubwa. Gharama kubwa ni kiburi, na kiburi hakina fungu katika bajeti, ndiyo maana hatukioni kikikaguliwa.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, nina maombi matatu, na hakuna linalohitaji uwe mtaalamu wa kompyuta. La kwanza, muulize anayewajengea au kuwatunzia mfumo: ni taarifa zipi mfumo wetu unazipokea kutoka kwa mgeni na kuziamini bila kuzipima? Akijibu kwamba hakuna, mwombe akuonyeshe. La pili, uliza ni nani, kwa cheo, mwenye wajibu wa kuweka marekebisho yanapotolewa, na nani anathibitisha kwamba yamewekwa. Jibu likiwa "wote", jua kwamba hakuna. La tatu, wekeni mahali pa kuripotia. Tangu Aprili 2022 kuna utaratibu unaokubalika kimataifa, RFC 9116, wa kuweka kwenye tovuti faili dogo la maandishi liitwalo security.txt lenye anwani ya kupelekea taarifa za kasoro. Ni kazi ya nusu saa. Lakini faili hilo bila uongozi utakaosoma barua zinazokuja ni sanduku la maoni lenye kufuli lililopotea ufunguo.

Kwa wanaharakati: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za wananchi azilinde. Tumezoea kuipigia kelele serikali inapotaka kujua mengi mno kuhusu sisi. Tuipigie kelele pia inapoyatunza ovyo yale iliyokwisha kuyajua. Na tudai kwamba mtu anayeripoti kasoro kwa nia njema alindwe kwa maandishi, katika sheria au kanuni, asibaki akitegemea moyo wa mkuu wa taasisi au ujasiri wa msimamizi wake. Mimi ni ushahidi kwamba ujasiri wa msimamizi si kinga.

Kwa wanafunzi: msijaribu mlango usio wenu. Yule kijana alijua mpaka huo na aliuheshimu, na ndio uliomfanya awe mkweli mbele ya kamati. Mkikuta kasoro katika mfumo mliopewa ruhusa kuutumia, simameni pale pale, andikeni mlichokiona na tarehe yake, na tafuteni zaidi ya shahidi mmoja kabla ya kupeleka barua. Nasikitika kwamba mhadhiri anawaambia wanafunzi wake wasimtegemee mtu mmoja, lakini huo ndio ushauri ambao ningepaswa kuutoa alasiri ile.

Mwaka jana nilikutana naye kwenye semina. Sasa anafanya kazi ya kupima usalama wa mifumo, na wanaomwajiri humlipa kwa kazi ile ile iliyomletea onyo. Aliniamkia kama zamani. Nilimwomba tukae pembeni, nikamwambia kwamba siku ile nilisema uongo, na kwamba nilikuwa nimeisoma barua yake mara mbili. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Najua, Dokta. Ulinisahihishia sentensi."

Nilimwomba ruhusa ya kuandika habari hii bila kumtaja jina. Alikubali, kwa sharti moja: nami nisijifiche nyuma ya neno "tulikosea". Kwa hiyo naandika kama alivyotaka. Nilikosea. Nimemwandikia mkuu wa chuo barua ya kueleza nilichokijua siku ya kikao kile, nikaomba barua ya onyo iondolewe katika jalada la kijana, na nakala ya barua yake, yenye wino wangu mwekundu, nimeiambatisha. Bado nasubiri majibu, na nitakapoyapata nitayaeleza hapa hapa, yawe yoyote yatakayokuwa.